Kompyuta Haibebi Dhamana ya Mtumishi

Zipo sentensi mbili ambazo mwananchi wa leo huzisikia mara kwa mara anapofika katika ofisi za umma. Ya kwanza ni kwamba mtandao uko chini. Ya pili ni kwamba mfumo umekataa. Ya kwanza humtaka asubiri, na ya pili humtaka aende zake. Katika zote mbili hatajwi mtu aliyeamua, wala mtu aliyekosea, wala mtu atakayerekebisha. Mkulima aliyetoka kijijini kwa nauli ya kukopa, mjane anayefuatilia mirathi ya marehemu mumewe, na mwalimu mstaafu anayedai haki ya miaka 30 ya utumishi, wote hujikuta wamesimama mbele ya dirisha wakimtazama mtumishi, naye mtumishi anatazama kioo.

Utumishi wa umma katika nchi hii umejengwa juu ya msingi kwamba cheo ni dhamana. Dhamana hukabidhiwa mtu mwenye jina na mwenye dhamiri, anayeweza kuulizwa na akajibu, na akikosea anaweza kuonywa au kuwajibishwa. Mashine haiapi kiapo cha utumishi, haioni haya, haipewi barua ya onyo wala haihamishwi kituo. Kwa hiyo mtumishi anayesema kwamba mfumo umekataa, na akaishia hapo, ameiweka dhamana yake mahali ambapo hakuna awezaye kuibeba. Hapana budi jambo hili litazamwe kwa makini, hasa na watumishi wa Serikali na walimu, kwa kuwa wao ndio wanaoshika mashine hizo kwa niaba ya wananchi, na wao pia ndio ambao mishahara yao, vyeo vyao na pensheni zao zimo ndani ya mashine hizo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Faida za kompyuta katika uendeshaji wa Serikali si za kubuni. Mwaka 2016 uhakiki wa orodha za mishahara ulibainisha majina zaidi ya 10,000 ya watumishi hewa, yaani watu ambao hawakuwapo kazini lakini fedha za umma zilikuwa zikitoka kwa majina yao kila mwezi. Mwaka uliofuata, kumbukumbu za mitihani zilipolinganishwa na vyeti vilivyomo katika majalada ya watumishi, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Mwaka huo huo wa 2017 ulianza mfumo wa malipo ya Serikali unaotumia namba ya malipo, ambao umepunguza sana mwanya wa fedha za umma kupita mikononi mwa mtu mmoja mmoja. Tangu mwaka 2008 huduma ya kutuma fedha kwa simu imemwezesha kijana aliyeko mjini kumpelekea mama yake fedha ya dawa bila kumkabidhi kondakta wa basi bahasha. Kazi hizi zingefanywa kwa daftari na kalamu peke yake, zingechukua miaka, na nyingine zisingefanyika kabisa.

Suala lililopo, basi, si kuikubali kompyuta au kuikataa. Swali hilo nchi hii ilikwisha kulipitia. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, kutoka kampuni ya Uingereza ambayo mwaka 1968 iliungana na nyingine ikawa ICL. Hadi kufikia mwaka 1974 mashine za namna hiyo zilikuwa bado ni za kuhesabika kwa vidole, lakini matatizo yake yalikuwa yamekwisha kuonekana. Hesabu za Serikali zilizokabidhiwa mashine ziliingia katika mkanganyiko, nchi ikategemea wataalamu wa kigeni kuzinyoosha, na fedha za kigeni, ambazo zilikuwa adimu, zikaendelea kutumika. Mwaka huo wa 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake.

Wapo wanaoutaja uamuzi ule kwa kicheko, kana kwamba ulikuwa woga wa watu wasiojua. Hiyo si haki. Ni kweli kwamba marufuku ile, iliyokuja kulegezwa hatua kwa hatua, iliwachelewesha vijana wa nchi hii kupata maarifa ambayo wenzao wa nchi nyingine walikuwa wakiyapata. Hasara hiyo haifichiki. Lakini swali lililokuwa nyuma ya marufuku lilikuwa swali la watu wazima: mashine ikikosea, nani nchini anayeweza kuifungua, kuisoma na kuisahihisha? Jibu la mwaka 1974 lilikuwa la kufunga mlango. Leo mlango uko wazi, na mashine zimo katika kila ofisi, shule na zahanati nyingi, na katika mfuko wa kila mwenye simu. Swali lenyewe, hata hivyo, bado halijajibiwa kwa ukamilifu.

Anayedhani kwamba hatari hiyo ni ya nchi changa peke yake na atazame yaliyotokea Uingereza, kwa kampuni ile ile ya ICL. Mwaka 1999 Shirika la Posta la nchi hiyo lilianza kufunga katika ofisi zake ndogo mfumo wa kompyuta wa kuweka hesabu ulioitwa Horizon. Mfumo huo ulitengenezwa na ICL, ambayo ilikwisha kuwa mali ya kampuni ya Fujitsu ya Japani. Ofisi hizo ndogo za posta huendeshwa na wakala wa mtaani au kijijini, mara nyingi ndani ya duka lake, naye ni mtu anayeaminiwa na majirani kwa pensheni zao na barua zao.

Muda si mrefu mawakala wengi walianza kuona upungufu wa fedha katika hesabu zao, upungufu ambao fedha zilizomo kwenye kasha hazikuuonyesha walipozihesabu kwa mkono. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi wao waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Mkataba ukawabana walipe. Wapo waliouza nyumba, waliokopa kwa ndugu, na waliokomba akiba zao za uzeeni ili kufidia fedha ambazo hazikupotea. Walioshindwa kulipa walishtakiwa kwa wizi na kwa kughushi hesabu. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Baadhi yao walifungwa, miongoni mwao akiwamo mwanamke mjamzito. Wengine walifilisika, ndoa zikavunjika, majirani wakawatemea mate, na wapo waliojiua.

Kosa lilikuwa ndani ya mashine. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba mfumo wa Horizon ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzalisha upungufu usiokuwapo. Aidha ilithibitika kwamba mafundi wa kampuni waliweza kuingia katika hesabu za wakala kutoka mbali na kuzibadili, jambo ambalo Shirika la Posta lilikuwa limelikana kwa miaka mingi. Kesi hiyo ilifunguliwa na mawakala 555, wakiongozwa na Alan Bates, ambaye alinyang'anywa ofisi yake mwaka 2003 kwa kukataa kulipa deni ambalo hakulikubali. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za mawakala 39 kwa siku moja. Mwaka 2024 Bunge la nchi hiyo lililazimika kutunga sheria ya kufuta hatia za mamia waliobaki kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra sana katika historia ya mahakama zao.

Ni dhahiri kwamba mashine kukosea si ajabu. Kila chombo kilichotengenezwa na binadamu hukosea. Kinachotisha ni kwamba katika mlolongo mrefu wa watu wenye vyeo na elimu, kuanzia mpokea simu, mkaguzi, mwanasheria, meneja hadi mkurugenzi, walikuwa wachache mno waliothubutu kusema kwamba huenda mashine ndiyo iliyokosea. Kila mmoja alimtazama aliye juu yake, na wote kwa pamoja wakaitazama kompyuta. Neno la mtu aliyeishi na majirani zake kwa uaminifu miaka 20 likapimwa dhidi ya karatasi iliyotoka kwenye mashine, na karatasi ikashinda.

Sheria nayo ilichangia. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1984, aliyetaka kutumia maelezo ya kompyuta mahakamani alitakiwa aonyeshe kwanza kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, mwaka ule ule Horizon ilipoanza kufungwa. Tangu hapo mashine ilidhaniwa kuwa sahihi mpaka mshtakiwa aonyeshe kinyume chake. Wakala wa kijijini, asiye na ufunguo wa mashine wala fedha ya kumlipa mtaalamu, angeonyeshaje? Dau la mnyonge haliendi joshi.

Katika jambo hilo Tanzania ina la kujivunia na ina la kujihadhari nalo. La kujivunia ni sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, itazame namna taarifa hiyo ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyolindwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na ofisi, na kinga dhidi ya maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Hizo ni silaha za mnyonge. Lakini silaha iliyofungiwa ghalani haimsaidii askari, na ni wananchi wachache, na pengine hata watumishi wachache, wanaojua kwamba haki hizo zipo.

La kujihadhari nalo ni mazoea. Katika uhakiki ule wa vyeti wa mwaka 2017, sehemu kubwa ya waliotajwa walistahili kutajwa, na wananchi waliupokea kwa furaha, kwa kuwa walikuwa wamechoka kutibiwa na kufundishwa na watu wenye karatasi za uongo. Hata hivyo, wapo waliokata rufaa na rufaa zao zikakubaliwa. Hao walikuwa na vyeti halali, ila katika kulinganisha kumbukumbu kulikuwa na makosa. Mlango wa rufaa ndio uliowaokoa. Funzo lake ni rahisi kulieleza, ingawa si rahisi kulitekeleza: orodha iliyotoka kwenye kompyuta ni mwanzo wa uchunguzi, na hukumu ni kazi ya binadamu aliyemsikiliza mhusika.

Kutokana na hayo, yapo mambo ambayo Chama na Serikali, pamoja na kila mtumishi mahali pake, wanapaswa kuyasimamia.

La kwanza ni kwamba kila mfumo unaomhudumia mwananchi uwe na mtumishi mwenye jina, mwenye cheo kinachojulikana, na mwenye uwezo wa kusahihisha kosa ndani ya siku zilizowekwa. Jina hilo liandikwe ukutani, mahali ambapo mwananchi anasimama. Mtumishi wa dirishani asiye na uwezo wa kusahihisha asilaumiwe kwa kosa asilolifanya, lakini awe na wajibu wa kumpeleka mwananchi kwa yule mwenye uwezo huo, na kuandika kwamba amempeleka. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya kusimamia mifumo hii. Ofisi zenyewe sasa zioneshe ni nani anayeijibia.

La pili ni kumbukumbu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta ni daftari, lakini ni daftari ambalo umeme ukikatika haliwezi kusomwa. Mwezi Mei 2021 hitilafu ya mfumo wa LUKU iliwafanya wananchi wengi washindwe kununua umeme, wakakaa gizani na fedha yao mkononi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Ofisi isiyojua kupokea ombi la mwananchi kwa kalamu siku kama hiyo haiwezi kusemwa kuwa imeendelea. Kila ofisi na kila shule iwe na utaratibu ulioandikwa wa kufanya kazi mtandao ukikatika, na risiti, barua na majalada ya msingi yasichomwe moto kwa kisingizio kwamba yamekwisha kuingizwa kwenye mfumo. Wakala wa posta aliyekuwa na daftari lake la mkono alikuwa na chembe ya ushahidi. Asiye nalo alikuwa na kiapo tu.

La tatu ni lugha. Mifumo mingi inayotumika nchini huzungumza Kiingereza. Mwananchi hutumiwa ujumbe asiouelewa kuhusu deni asilolijua, na mtumishi naye hubonyeza mahali alipoonyeshwa abonyeze. Si kwamba Kiswahili kimeshindwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu za ofisini kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Haieleweki kwa nini mkulima ashtakiwe kwa Kiswahili lakini adaiwe kwa Kiingereza. Zabuni ya mfumo wowote wa umma na iweke Kiswahili kuwa sharti, wala isiachwe kuwa pambo la kuongezwa fedha ikibaki.

La nne ni ujuzi wa ndani. Mfumo ulionunuliwa bila haki ya kuufungua na kuukagua ni kama nyumba ambayo funguo zake zimebaki kwa fundi aliyeijenga. Vijana waliosomea taaluma hii katika vyuo vya nchi hii wapo, na wengi wao wanatafuta kazi. Wapewe kazi ya kuichunguza mifumo ya umma kabla haijatumika na baada ya kuanza kutumika, na taarifa zao zisomwe na watu wasiohusika na ununuzi wake. Mkaguzi wa fedha asiyeruhusiwa kukagua mashine inayohesabu fedha hizo anakagua kivuli.

La tano linawahusu walimu, nalo pengine ndilo kubwa kuliko yote. Shule nyingi sasa hutuma kwa njia ya kompyuta takwimu za wanafunzi, hesabu za fedha na alama za mitihani. Mwalimu mkuu anajua kwamba kosa la tarakimu moja katika namba ya mtahiniwa linaweza kumpa mtoto matokeo ya mwingine. Uangalifu huo na uhamie darasani. Mwanafunzi na afundishwe kutumia kompyuta, lakini kabla ya hapo afundishwe kukadiria jibu kwa akili yake, ili mashine ikimwambia kwamba mifuko 12 ya saruji ni shilingi milioni 20 ashtuke na kuuliza. Taifa la watu wanaojua kubonyeza bila kujua kushtuka ni taifa linaloweza kudhulumiwa bila kelele.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilisisitiza kumjenga mtu mwenye akili ya kuhoji, anayejifunza kwa wengine na kuyatumia aliyojifunza kwa mahitaji yake, bila kuyameza yote. Wakati ule hakuna aliyefikiria kwamba mafundisho hayo yangehitajika mbele ya kioo cha kompyuta. Leo yanahitajika hapo kuliko mahali pengine popote.

Viongozi wa Chama katika mashina na matawi nao wana kazi yao. Wao ndio wanaosikia kwanza malalamiko ya mzee ambaye alama zake za vidole zimefutwa na jembe na mashine haizitambui, au ya mama ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi tofauti katika kadi mbili. Malalamiko hayo yasichukuliwe kuwa ni ya watu wasioelewa maendeleo. Yakusanywe, yaandikwe, na yafikishwe kwenye vikao. Makosa yale ya Uingereza yaliendelea kwa miaka mingi kwa sababu kila aliyelalamika aliaminishwa kwamba yuko peke yake. Kazi ya Chama ni kuhakikisha kwamba hakuna mwananchi anayelia peke yake.

Hapana shaka kwamba mashine zitaongezeka, zitakuwa na kasi zaidi, na nyingine tayari zinaandika barua na kutoa mapendekezo kama afisa mzoefu. Kadiri zitakavyoonekana kuwa na akili ndivyo kishawishi cha kuziachia maamuzi kitakavyokuwa kikubwa. Hapo ndipo mtumishi wa kweli atakapotambulikana. Atakuwa ni yule ambaye, mfumo ukikataa, atamwambia mwananchi: kaa hapa, ndugu, nieleze, tutazame pamoja kosa liko wapi. Mtumishi huyo hahitaji kompyuta mpya. Anahitaji kukumbuka kwamba dhamana alipewa yeye.